Masinki mawili katika bafu dogo: mwongozo kamili wa kupima, kupanga na kujenga

Mara nyingi mtu anapoomba masinki mawili kwenye bafu, anachotaka hasa ni asubuhi isiyo na foleni. Watoto wanataka kupiga mswaki kabla basi la shule halijafika, baba ananyoa ndevu, mama anatafuta mahali pa kujipaka mafuta, na wote wanagombea kioo kimoja. Kabla hujamwita plamba, simama koridoni asubuhi mbili tatu uangalie foleni inakwama wapi. Katika nyumba nyingi nilizoona huku Kisumu na kule Nakuru, haikwami kwenye sinki. Inakwama kwenye komeo. Mtu mmoja akiingia kuoga na kujifungia, choo, sinki na kioo vyote vimefungwa pamoja naye. Hata ungeweka masinki manne humo ndani, kwa muda huo yote ni yake peke yake.

Ukishaona hivyo, unakuwa na njia tatu mbele yako: masinki mawili kamili ndani ya bafu, sinki moja refu lenye mifereji miwili, au sinki moja ndani na la pili nje ya mlango. Ipi inakufaa, tepu ndiyo itakayoamua.

Hatua ya 1: Pima chumba kilivyo sasa

Ramani ya nyumba huonyesha nafasi kati ya mawe na mawe. Plasta haijapakwa wala vigae havijabandikwa. Kila ukuta ukishapigwa plasta na kuwekewa vigae hula sentimita tatu hivi, kwa hiyo chumba kilichochorwa sentimita 150 hubaki 144. Sentimita sita si kidogo kwenye bafu: ndizo zinazofanya mlango ugonge kabati. Pima ukuta katika sehemu tatu (karibu na sakafu, usawa wa kiuno na usawa wa macho), kisha ushike kipimo kidogo kabisa. Pima pia kutoka kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo hivyo viwili visipolingana, chumba kimepinda, na meza ya graniti iliyokatwa kwa pembe mraba itaacha ufa upande mmoja.

Kwenye karatasi hiyo hiyo andika mlango unafungukia wapi, dirisha linaanzia kimo gani, paipu ya maji taka inatokea wapi, na choo kiko wapi. Ushauri wangu juu ya choo ni mmoja: kiache pale kilipo. Paipu yake ni ya inchi nne na imepita chini ya sakafu, na kuihamisha ni kuvunja zege na kupanga upya mteremko hadi manholi. Sinki huhamishika kwa urahisi zaidi, kwa sababu paipu yake ni nyembamba na inaweza kupita ukutani.

Hatua ya 2: Wape watu nafasi kabla ya kabati

Vipimo vya kushika ni hivi. Kutoka katikati ya sinki hadi ukuta wa pembeni, iache isipungue sentimita 38. Ikifika 50 mtu anaosha uso bila kugonga kiwiko. Kati ya katikati ya sinki moja na katikati ya jingine, isipungue 76, na 90 ndiyo raha. Mbele ya kabati acha nafasi tupu ya kusimama: 53 ni ya kubanana, 76 ni ya kutosha. Choo nacho kinataka sentimita 38 kila upande kutoka katikati yake, yaani upana wa 76 kwa jumla.

Sasa jumlisha. Masinki mawili kwa vipimo vidogo kabisa ni 38 na 76 na 38. Hiyo ni sentimita 152, futi tano kamili za ukuta usio na mlango wala choo. Hapa ndipo watu wengi hushangaa, maana madukani kuna makabati ya masinki mawili yenye upana wa sentimita 120 na yanapendeza kwenye picha. Kwenye kabati kama hilo, kutoka katikati ya sinki moja hadi katikati ya jingine huwa sentimita 60 hivi. Watoto wawili watatoshea. Watu wazima wawili watagongana mabega, na baada ya wiki chache watarudi kuingia kwa zamu. Tena mabeseni mawili yakishakaa juu ya meza ya 120, hakuna pa kuweka hata sabuni.

Kwa sababu hiyo, ukuta wako ukiwa kati ya sentimita 100 na 150, mimi nasema wazi: chukua sinki moja refu lenye mifereji miwili. Mifereji ikikaa sentimita 60 hadi 70 kutoka mmoja hadi mwingine, kila mtu ana maji yake. Na kwa kuwa hakuna ukingo unaowatenganisha, mmoja anaweza kusogea pembeni bila taabu. Fundi wa terrazo anaweza kulimwaga mahali penyewe kwa kipimo chako, au likajengwa kwa zege na kufunikwa vigae.

Hatua ya 3: Jaribu kwa chaki

Chukua bafu la futi sita kwa nane, yaani sentimita 180 kwa 240 baada ya vigae, mlango ukiwa kwenye ukuta mfupi. Pale mwisho, mkabala na mlango, weka sehemu ya kuogea yenye kina cha sentimita 90, ichukue upana wote wa chumba. Panabaki 150 kwa 180. Sinki refu la sentimita 120, lenye kina cha 45, likae kwenye ukuta mrefu mmoja. Choo kikae ukuta wa pili, karibu na sehemu ya kuogea. Choo cha kawaida chenye tanki lake hutokeza sentimita 65 hadi 70 kutoka ukutani, kwa hiyo kati yake na sinki panabaki kama 65 hadi 70. Panapitika na panasimamika.

Lakini angalia mlango. Mlango wa sentimita 75 ukifungukia ndani upande wa choo, unahitaji 75 zake na choo kinahitaji 76, jumla 151, na ukuta una 150. Kwa hiyo mlango huo lazima ufungukie nje au uwe wa kuteleza. Kubadilisha bawaba ni kazi ya nusu siku, na mara nyingi ndiyo inayoliokoa bafu lote.

Usiamini karatasi peke yake. Chora kabati kwa chaki sakafuni, panga maboksi ya kartoni kwa kimo cha sentimita 85, kisha wasimamishe watu wawili mbele yake wainame kama wananawa. Mtu wa tatu afungue mlango. Jaribio hili halina gharama, na litakuambia mambo ambayo muuzaji wa makabati hatakuambia.

Bafu likiwa futi tano kwa nane, hesabu inakataa. Ukishaweka sehemu ya kuogea na choo, ukuta uliobaki wa sinki ni kama sentimita 80, na hapo panafaa sinki moja tu. Ndipo njia ya tatu inapokuja, na kwa nyumba za kwetu naipenda kuliko zote: sinki dogo libaki ndani, la pili liende nje, kwenye ukuta ule ule wa bafu lakini upande wa korido au wa chumba cha kulia. Huku tunakula ugali na samaki kwa mkono, na mgeni anataka kunawa kabla na baada ya kula bila kupita mlango wa choo cha wenyewe. Sinki hilo la nje linamhudumia mgeni jioni, na asubuhi linahudumia miswaki huku bafu likiwa limefungwa. Chagua lenye kina cha sentimita 30 hadi 35. Korido ya 120 itabaki na nafasi ya kutosha kupita. Weka na kioo juu yake, la sivyo watu wataendelea kung'ang'ania bafu.

Hatua ya 4: Maji taka

Hapa usikimbilie, kwa sababu kosa la maji taka hufichwa na vigae na kugunduliwa kwa pua.

Kila sinki lipewe trapu yake. Trapu, ile paipu iliyopinda chini ya sinki, hushika maji kidogo, na maji hayo ndiyo yanayozuia hewa ya septiki au ya sewa isiingie nyumbani. Kwa sinki la kunawia, tafuta trapu yenye kina cha maji cha sentimita 7 na nusu. Zile fupi za bei ya chini hukauka na kunyonywa haraka. Paipu inayotoka kwenye trapu huwa ya milimita 32, ambayo hadiware wanaiita inchi moja na robo. Ikienda mbali kupita mita 1.7 hivi, maji yanaijaza yote, yanashuka kwa nguvu, na mwishoni yanavuta hata yale yaliyotakiwa kubaki kwenye trapu. Ndiyo ile sauti ya kugugumia unayoisikia sinki likimaliza kumwaga, na baada yake harufu.

Dawa yake ni rahisi: paipu mbili za 32 ziende mwendo mfupi tu, kisha ziingie kwenye paipu moja ya milimita 40 au 50. Ya 40 isizidi mita tatu. Pale zinapoungana, fundi atumie kiungo cha Y kinachoelekea maji yanakokwenda. Kiungo cha T kilichonyooka, chenye masinki mawili yanayotazamana, husukuma maji ya sinki moja yapande kwenye jingine. Hilo hutokea sana kwa masinki yaliyopeana mgongo ukutani, moja bafuni na jingine koridoni, kwa hiyo kama umechagua njia hiyo msimamie fundi hapo hasa. Mteremko uwe sentimita mbili hadi mbili na nusu kwa kila mita. Ukiwa mdogo kuliko huo, sabuni na nywele zinaganda. Ukiwa mkali, unarudi kwenye tatizo la kunyonya.

Sinki refu lenye tundu moja linahitaji trapu moja tu, na hiyo ni sababu nyingine ya kulipenda. Sharti sakafu yake iinamie kwenye tundu, la sivyo povu la dawa ya meno litalala pembeni.

Kwa nyumba ya chini, paipu hutoka ukutani na kuingia kwenye gali (kishimo cha maji taka chenye wavu) nje. Mwisho wake ushuke chini ya wavu, juu ya maji, ili yasiruke. Kwa ghorofa, paipu huingia kwenye ile kubwa inayoshuka, na ile kubwa lazima ipande hadi juu ya paa ikiwa wazi ili ivute hewa. Choo kikiflashiwa na sinki likalia, paipu ya hewa haipo au imeziba, na kubadilisha trapu hakutasaidia kitu.

Kimo nacho kipangwe mapema. Ukingo wa sinki ukiwa sentimita 85 kutoka sakafuni, tundu la maji taka ukutani hukaa karibu na 50, na ncha za maji safi karibu na 55. Ukichagua beseni linalokaa juu ya meza, lenye kimo cha sentimita 13, meza ishuke hadi 72 na vyote vingine vishuke nayo. Ndiyo maana beseni, mifereji na trapu hununuliwa kabla ukuta haujafunguliwa, viwe pale fundi avipime kwa macho yake.

Hatua ya 5: Maji safi

Nyumba zetu nyingi hutumia tanki, hata pale ambapo maji ya KIWASCO au NAWASSCO, kampuni za maji za Kisumu na Nakuru, yanafika kila siku. Maji ya tanki yanasukumwa na kimo peke yake: kila mita moja ya kimo hutoa presha ya bar 0.1. Tanki lililo mita tatu juu ya mfereji linakupa 0.3. Mifereji mingi ya kisasa ya mpini mmoja imetengenezwa kwa presha ya bar moja au zaidi, na kwa 0.3 itatiririka kama uzi. Muulize muuzaji mfereji wa presha ndogo, au chukua ule wa kawaida wa kuzungusha. Kichujio kidogo cha mdomoni kikibana maji, kifungue ukisafishe au ukitoe.

Paipu ya PPR (ya plastiki, inayounganishwa kwa kuchomwa) inayoingia bafuni iwe ya milimita 25, kisha igawanyike kuwa za 20 kwa kila mfereji. Ukipitisha 20 tangu mwanzo, mtu wa sinki akifungua, anayeoga anapungukiwa. Kila mfereji uwe na valvu yake ndogo chini ya kabati, ili mmoja ukiharibika usifunge maji ya nyumba nzima.

Jambo la Nakuru: maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, na pale inapozidi kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita huharibu meno ya watoto yanapoota. Familia nyingi huwapa watoto maji mengine ya kunywa na kusukutua. Kama ndivyo mnavyofanya, acha nafasi ya jagi na vikombe mezani tangu kwenye mchoro, mbali na ukingo.

Hatua ya 6: Kabati na meza

Bafu za kwetu huoshwa kwa kumwaga maji sakafuni na kusukuma kwa fagio. Kabati la MDF au chipboard (mbao za unga au vipande vya mbao vilivyogandamizwa) lililosimama sakafuni haliwezi maisha hayo. Linanyonya maji kutoka chini, linafura, na bawaba zinang'oka. Kisumu kuna unyevu wa ziwa juu yake, na sehemu nyingi za magharibi kuna mchwa. Kwa hiyo kabati la mbao litundikwe ukutani sentimita 20 au 25 kutoka sakafuni, au likae juu ya tuta la zege la sentimita 10 lililovikwa vigae. Mbao iwe marine board (plaiwudi inayostahimili maji), na kila ukingo uliokatwa upakwe rangi ya mafuta au vanishi kabla ya kuunganishwa, hata ule usioonekana. Hasa ule usioonekana, na tundu la kila paipu. Mafundi wa soko la Kibuye, Kisumu, hutengeneza makabati haya kwa kipimo chako, mradi uwape mchoro wenye vipimo na mahali pa trapu, maana droo isipokatwa kuzunguka trapu haitafunga.

Ningekuwa najenga nyumba ya kukaa miaka mingi, ningejenga meza ya zege: kuta fupi mbili za mawe, bamba lenye nondo juu yake, graniti au vigae juu ya bamba, na milango ya aluminiamu. Mchwa haigusi, maji hayaidhuru. Ubaya wake ni kwamba haihamishiki.

Graniti ya milimita 20 ina uzito wa kilo 54 hivi kwa mita mraba, kwa hiyo meza ya sentimita 120 kwa 45 ni karibu kilo 30 kabla ya kutobolewa. Ukiitundika, ishikwe na vyuma vya pembe vilivyofungwa ndani ya jiwe lenyewe, visishike plasta tu. Katikati ya masinki mawili hakuna paipu. Hapo ndipo pa droo nzuri, au uwazi wa kusimamishia mtungi wa lita 20 kwa siku mfereji ukikauka.

Hatua ya 7: Kioo, taa, umeme

Kioo kimoja kirefu kinatosha, na huonyesha bafu kubwa zaidi. Kiinue sentimita moja kutoka juu ya meza ili maji yasiingie kwa nyuma na kukitia weusi. Taa mbili pembeni mwa kioo, usawa wa uso, humwangazia mtu vizuri kuliko taa moja ya darini inayotia kivuli chini ya macho. Usiweke soketi ya kawaida ndani ya bafu dogo. Kwa mashine ya kunyolea kuna soketi yake maalumu. Hita ya kuogea iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la umeme, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati.

Hatua ya 8: Mpangilio wa kazi

Nunua vifaa vya sinki kwanza. Kisha fundi afungue ukuta, alaze paipu za maji safi na za maji taka, na azizibe ncha. Jaza maji safi na uyaache usiku kucha kabla ya plasta. Kiungo cha PPR kilichochomwa vibaya kitajionyesha. Mwaga ndoo moja kwenye kila paipu ya maji taka uone inavyokwenda. Piga picha za ukuta huku tepu ikiwa imenyooshwa juu yake, uzihifadhi: siku ya kutundika kioo utajua pa kutoboa. Baada ya hapo plasta, kizuia maji, vigae, kabati, meza, mabeseni, mifereji, na silikoni ya bafuni mwisho. Silikoni iachwe saa 24 bila kuguswa na maji.

Siku ya kukabidhiwa, usilipe salio kabla ya jaribio hili. Ziba masinki yote mawili, yajaze, uyaachilie kwa pamoja. Pitisha karatasi kavu ya chooni chini ya kila kiungo. Ikilowa hata tone, kikazwe. Sikiliza kama kuna kugugumia, flashi choo huku ukitazama trapu, fungua mifereji yote miwili mtu mwingine akiwa anaoga. Kisha uonane na fundi tena baada ya wiki mbili akaze nati za trapu, kwa sababu zile za plastiki hulegea kidogo zikishapitiwa na maji ya moto na baridi. Sinki la nje lisilotumika mara kwa mara lipewe kikombe cha maji kila wiki ili trapu yake isikauke.